Dakika Kumi na Moja

Inawaka. Naanza kuhesabu.
Dakika ya nne feni inalia kama mzinga uliopigwa fimbo,
ya tisa siwezi kuacha kiganja chini ya tumbo lake,
ya kumi na moja, zii.
Kioo cheusi, na uso wangu ndani yake.

Haiagi. Hilo ndilo linaloudhi.
Haisemi nimechoka, haisemi naumwa hapa.
Inazima kama mtu anayekukatia simu katikati ya neno.

Karani Kalunde aliileta Jumatatu, imefungwa kwenye khanga,
akaitua mezani kama trei ya mayai.
"Fundi Sizya, kabla hujaigusa ilikuwa mvivu.
Sasa ina bidii, ila inazimia.
Nirudishie uvivu wangu."
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Mle ndani ana wakulima mia tatu na kumi na wawili,
kilo kwa kilo, gredi kwa gredi,
na soko la tumbaku linafunguliwa Alhamisi.

Basi nikafungua.
Skrubu kumi na tatu kwenye kifuniko cha soda,
ile ya kona imekula kichwa, tunafahamiana.
Nikapuliza vumbi lote la Isevya,
nikatoa manyoya ya paka ambaye karani anaapa hana.
Pesti ya zamani nikaifuta kwa spiriti,
mpya nikaweka tone, punje ya mtama,
nikakaza kwa msalaba, robo kwa robo.
Nikawasha. Nikahesabu.
Kumi na moja.

Nikalaumu chaja. Nikaazima ya jirani.
Kumi na moja.
Nikalaumu feni; nzima, inazunguka mpaka inatia huruma.
Nikalaumu umeme, kwa mazoea tu.
Nikainyanyua juu ya vizibo vinne ipate hewa:
kumi na mbili!
Nikaishangilia dakika ile kama mtu aliyeokota noti.

Ng'ombe hashindwi na nunduye.
Lakini nundu hii si yake.
Nimeipandikiza mimi.

Mama yangu alilinda bani kule Urambo,
usiku saba mfululizo, majani yakitoka kijani kwenda dhahabu.
Kuni hazikuwa tatizo, zilikuwa lundo.
Macho yake yalikuwa juu, kwenye matundu:
kinachotoka ni kiasi gani?
Usiku mmoja mwenye shamba alikuja akaongeza magogo
ili wamalize mapema.
Alipogeuka tu, mama aliyachomoa yakiwaka,
moja moja, akayatupa nje kwenye umande.
Nilisikia yakilia. Asubuhi hakusema kitu,
alikuwa ameshika kikombe kwa ncha za vidole.

Prosesa ya zamani ilikula wati thelathini na tano.
Hii, arobaini na tano.
Nilijua.
Bomba la shaba ni lile lile,
limelala bapa kama unyasi uliokanyagwa.
Soketi ilikubali, nami nikadhani kukubali ni kumudu.
Namba kwenye boksi zilimeremeta.
Nilitaka mtaa useme: ile kaiweka Sizya.

Treni ya Mpanda inapiga honi, saa nane usiku,
na mimi ndiyo kwanza naelewa:
inazima ili isife.
Siku tatu natafuta ugonjwa
mahali palipokuwa na akili.

Ya zamani niliitunza kwenye kiberiti, ndani ya pamba.
Nikairudisha taratibu, bila redio.

Alfajiri Kalunde yuko mlangoni.
"Imepona?"
"Imekuwa mvivu."
Namrudishia pesa yake, pungufu ya ile niliyokwisha kula,
nayo naahidi mwisho wa mwezi.
Anafungua orodha palepale, amesimama.
Ukurasa unapanda kama mtu mwenye goti bovu.
Anasubiri. Anajua kusubiri.
Kumi na moja inapita. Ishirini.
Alipofika kwa akina Msabila niliacha kuhesabu.

Ameshaondoka, khanga kwapani,
ndipo naona kwenye kifuniko cha soda
skrubu moja, ya kona.
Nitamwambia siku ya kumalizia deni.